Rosa Mistika na Malezi ya Vijana wa Usharika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye ikasomwa humo humo. Wachungaji wengi tuliisikia kabla ya kuisoma, na tulichosikia ni kwamba ni kitabu kichafu. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya haraka.

Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anamlinda binti yake kwa fimbo. Barua ya mvulana yatosha kumletea Rosa kipigo. Hapa mwandishi ni hodari kweli: hamhubirii msomaji, bali anamwonyesha msichana aliyefundishwa kuogopa asifundishwe kujitawala. Anapofika shule ya bweni Mwanza, fimbo haipo, na moyoni hakuna kilichokwisha kuota mizizi. Sheria ilikuwa mkononi mwa baba tu.

Niliisoma tena kwa sababu ya mzazi mmoja wa Busi, wilayani Kondoa. Binti yake alikuwa akienda kusoma Dodoma, naye alitaka kujua amnyime simu mpaka lini. Kondoa Waislamu ni wengi. Familia ya Kikristo hulea watoto ikijua kwamba inatazamwa, na kutazamwa huko ni ukuta mzuri kwa kadiri yake. Lakini katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, binti huyo atakuwa mmoja kati ya maelfu, wala hapana atakayemwuliza kama Jumapili alikwenda ibadani.

Hata hivyo riwaya ina kasoro, nayo si ndogo. Charles, mchumba wa Rosa, anamwacha kwa ajili ya maisha yake ya nyuma, naye Rosa anajiua. Ndipo mwandishi anatupeleka mbinguni, Rosa akimshtaki baba yake mbele za Mungu. Kesi hiyo inasisimua, ila nilimtafuta Msulubiwa ndani yake nisimwone. Kuna mizani tu.

Lakini je, tumlaumu Kezilahabi, aliyesoma seminari, kwa kuuchora uso ambao Kanisa lilimwonyesha? Mimi mwenyewe, mwanzoni mwa utumishi wangu, nilisoma jina la binti mjamzito mbele ya usharika, akawekwa chini ya marudi. Jina la kijana halikusomwa, maana hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza. Binti yule hakurudi tena.

Luther aliitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529 ili baba wa nyumba awafundishe watu wake. Kati ya Ubatizo na Sakramenti ya Altare mna mafundisho ya kuungama na kuondolewa dhambi. Katika darasa la Kipaimara amri tunazikaririsha kwa miezi. Kuungama tunakupitia juu juu, maana siku ya mtihani imekaribia. Hivyo kijana anaondoka akijua vema atakavyohukumiwa, asijue pa kukimbilia.

Yule mzazi nilimjibu habari ya simu kwa sentensi moja. Kisha nilimwuliza kama bintiye anajua kwamba, akiharibikiwa, anaweza kurudi Busi akamwambia. Alinyamaza kitambo, akasema kwamba jambo hilo atamwuliza mama yake.