Mkopo au ruzuku? Fedha ndogo za halmashauri na kazi ya kupunguza taka Mugeta

Fedha ndogo za halmashauri kwa vikundi vya jamii nchini Tanzania hutolewa kwa njia mbili, mkopo na ruzuku. Mkopo usio na riba hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na kikundi hutakiwa kuurejesha. Ruzuku hairejeshwi. Hupitia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ajira za muda za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), au miradi maalumu yenye mfadhili wake. Vikundi vya usafi, upandaji miti na mkaa mbadala hugonga milango yote miwili, na mara nyingi huishia kwenye mlango usiofaa kazi yao. Kata ya Mugeta, katika tarafa ya Chamuriho, Halmashauri ya Wilaya ya Bunda mkoani Mara, inaonyesha vizuri kwa nini kazi inapaswa kupimwa kabla ya fedha kuombwa.

Mkopo wa asilimia 10 una mizizi katika mifuko ya wanawake na vijana iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa muda mrefu kutenga fedha hizo kulitegemea maelekezo na utashi wa kila halmashauri. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, iliongezewa kifungu cha 37A, na kutenga fedha hizo kukawa wajibu wa kisheria: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kanuni zilifuata mwaka 2019. Aprili 2023, baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kueleza habari za vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, Serikali ilisimamisha utoaji. Mikopo ilirejea mwaka 2024 ikiwa na kanuni mpya. Halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu utoaji kupitia benki, na nyingine ziliendelea kukopesha zenyewe kwa usimamizi uliokazwa zaidi.

Ukubwa wa fungu hutegemea uwezo wa halmashauri kukusanya. Asilimia 10 haikokotolewi kwenye bajeti nzima, bali kwenye mapato ya ndani baada ya kuondoa yale yaliyokwisha kupangiwa matumizi yake mahususi. Kwa mfano wa hesabu, halmashauri yenye mapato ya aina hiyo ya Sh bilioni 2 kwa mwaka hutenga Sh milioni 200: milioni 80 za wanawake, milioni 80 za vijana na milioni 40 za watu wenye ulemavu. Fungu hilo likigawanywa sawasawa kwa kata 19, kila kata hupata takriban Sh milioni 10.5. Kiasi hicho huweza kuinua vikundi viwili au vitatu vyenye mpango mzuri. Kikitawanywa kwa vikundi 20, kila kimoja hupata takriban Sh 525,000, ambazo hazitoshi hata kununua mashine moja ya maana.

Safari ya kikundi huanza kwenye kata. Wanachama huandika katiba, hufungua akaunti ya benki, hutambuliwa na Afisa Maendeleo ya Jamii, kisha husajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Wezesha Portal. Andiko la mradi hujadiliwa na kamati ya kata, hupelekwa halmashauri kwa uchambuzi, na vikundi huhakikiwa kabla ya fedha kuingia. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Bunda yako Kibara, upande wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, ilhali Mugeta iko upande wa mashariki. Mtu anayetoka Mugeta kufuata karatasi moja hulazimika kuuvuka mji wa Bunda na kuendelea hadi ziwani. Kwa hiyo afisa wa kata ndiye halmashauri yenyewe machoni pa wanakikundi. Pale anapolielewa andiko vizuri, nauli nyingi huokolewa.

Hadi hapo utaratibu ni uleule kwa kila biashara. Tofauti hujitokeza pale kazi yenyewe inapokuwa taka. Biashara ya kuku au cherehani huuza kitu ambacho mnunuzi anakitaka. Kazi ya taka huwa na pande mbili: moja huondoa kero ya wote, nyingine hutoa bidhaa ya kuuza. Upande wa kwanza hauna mteja, kwa sababu hakuna anayelipia chanzo cha maji kilichosafishwa ilhali jirani yake anakitumia bure. Upande wa pili huweza kulipa deni, mradi malighafi, soko na usafiri vikubaliane. Aina tatu za taka zinazopatikana Mugeta na vijiji vya jirani zinatosha kulionyesha hilo.

Ya kwanza ni taka zinazooza: maganda, majani, mabaki ya sokoni. Taka hizi huwa mboji zikipangwa kwa tabaka, zikamwagiwa maji kiasi na kugeuzwa kila baada ya muda. Katika joto la Mara miezi miwili hadi mitatu hutosha. Kitaalamu kazi ni nyepesi. Kibiashara ni ngumu, kwa kuwa eneo hili ni la wafugaji na samadi imejaa mazizini. Mkulima hawezi kununua gunia la mboji wakati samadi anaipata kwa gharama ya kuibeba tu. Mboji ya Mugeta inafaa kutumika palepale inapotengenezwa, kwenye kitalu cha miche au bustani ya shule. Kikundi kinachokopa ili kiiuze kinajitafutia deni.

Ya pili ni plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, na ikapungua sana. Chupa za maji na soda zilibaki. Chupa tupu ya nusu lita huwa na uzito wa takriban gramu 20 hadi 25, hivyo kilo moja huhitaji chupa kati ya 40 na 50. Wanunuzi wakubwa hupima kwa kilo, na barabara kuu ya Mwanza–Musoma–Sirari hupita Bunda mjini. Mzigo wa chupa zisizobanwa hujaza gari kabla haujafikisha uzito wa kulipia mafuta. Kinachohitajika kijijini ni kizimba cha kukusanyia na utaratibu wa kubana chupa hadi mzigo utoshe gari. Kizimba ni mali ya wote na hakizalishi marejesho ya kila mwezi, kwa hiyo ni kazi ya ruzuku.

Ya tatu ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Bunda ni wilaya ya pamba, na baada ya mavuno wakulima hutakiwa kung'oa mabua na kuyateketeza ili wadudu wasihamie msimu unaofuata. Moshi wa mabua hayo ni nishati inayopotea. Mabua makavu yakichomwa ndani ya pipa lenye matundu machache ya hewa hugeuka mkaa badala ya majivu. Mkaa huo husagwa, huchanganywa na uji wa unga wa mhogo kama gundi, hufyatuliwa kwa mashine ya mkono, kisha huanikwa. Kwa pipa la kawaida, kilo 100 za mabua makavu hutoa kilo 20 hadi 25 za mkaa. Soko nalo linasukumwa na sera: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Hata hapo hesabu ifanywe kabla ya kusaini. Tuseme kikundi kimekopa Sh milioni 5 za kurejesha kwa miezi 24. Rejesho ni takriban Sh 208,000 kwa mwezi. Kama faida baada ya gharama zote ni Sh 200 kwa kilo, kikundi lazima kiuze kilo 1,040 kila mwezi, sawa na kilo 40 kwa kila siku ya kazi, kabla mwanachama hajapata chochote. Kilo hizo 40 hudai mabua makavu kilo 160 hadi 200 kwa siku. Mabua huja mara moja kwa mwaka, na mvua zikianza huoza. Kwa hiyo banda la kuhifadhia, ambalo waandishi wengi wa maandiko hulisahau, lina uzito sawa na mashine. Andiko lisilotaja banda limekwisha kushindwa kabla ya kufika kwenye kamati.

Ruzuku ina shule yake katika Afrika Mashariki. Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, kwa awamu yake ya kwanza iliyoanza mwaka 1997 na ya pili iliyoidhinishwa mwaka 2009, uliambatana na miradi midogo iliyobuniwa na wananchi wenyewe. Katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro ulijaribiwa mfumo wa fedha za tabianchi ambapo kamati za tarafa zilichagua uwekezaji, na sharti kuu lilikuwa kwamba manufaa yawe ya umma, si ya mtu au kikundi kimoja. Kaunti ya Isiolo nchini Kenya ilitangulia kwa mfumo wa aina hiyohiyo: asilimia 70 ya fedha zilielekezwa kwenye wodi, asilimia 20 kwenye miradi ya kaunti nzima, na zisizozidi asilimia 10 kwenye uendeshaji. Mgawanyo huo ulizuia fedha kuishia kwenye vikao na mafuta ya magari.

Mambo manne yanaibeba mifumo hiyo. Kwanza, orodha ya kazi zinazoruhusiwa hujulikana mapema, hivyo mwombaji haandiki kwa kubahatisha. Pili, wananchi huchangia nguvu zao, mawe, mchanga au kuchimba, na mchango huo huandikwa kama sehemu ya bajeti. Tatu, fedha hutolewa kwa awamu, na ya pili hufuata baada ya ya kwanza kuonekana kwa macho. Nne, matunzo hupangwa kabla ya ujenzi: nani atashika ufunguo wa kizimba, nani atalipia ukarabati, na sheria ndogo ipi itamgusa anayetupa taka ovyo. Palipokosekana la nne, kisima au lambo lilikufa baada ya mradi kufunga ofisi.

Nyenzo za kuyatekeleza mambo hayo zipo Mugeta bila kusubiri sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu na inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo zikapitishwa na mkutano mkuu. Mfuko wa jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, huunga mkono kazi ambazo wananchi wamezianza. Ajira za muda za TASAF hulipa kaya za walengwa kwa kazi kama kupanda miti na kuchimba malambo. Fedha za mfuko wa jimbo na za TASAF ni ruzuku, na zote hukubali kazi ya mazingira ikiletwa na kijiji kwa mpangilio.

Mradi uliopangwa vizuri, basi, hugawanywa tangu kwenye karatasi. Kizimba, shimo la taka, kitalu cha miche na ulinzi wa chanzo cha maji huombewa ruzuku kwa jina la kijiji. Mashine ya mkaa mbadala, mapipa na banda la mabua huombewa mkopo kwa jina la kikundi, pamoja na hesabu ya kilo kwa siku. Vikichanganywa, kikundi hubebeshwa deni la kazi ya umma, hushindwa kurejesha, na jina lake huingia kwenye orodha ya wadaiwa ingawa kijiji kizima kilinufaika.

Kamati za mikopo zinapaswa kuuliza swali moja kwa kila andiko la mazingira linalofika mezani: nani atalipa, na atalipia kitu gani? Jibu likiwa ni mnunuzi mwenye bei, mkopo utolewe. Jibu likiwa ni kijiji kizima, andiko lielekezwe kwenye ruzuku siku hiyohiyo. Viongozi wa kata nao wasisubiri dirisha la mikopo lifunguliwe ndipo waanze kupanga. Mabua ya pamba ya msimu ujao yatahitaji banda kabla ya mvua za vuli.