Mzimu Mwongo, Mzimu Mkweli

Wapenzi wa riwaya za upelelezi za Visiwani hawajaacha kumtaja Bwana Msa, mvuta kiko wa Muhammed Said Abdulla. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), maiti yaonekana mzimuni, na wengi wadhani ni kazi ya mizimu. Bwana Msa haamini. Apima, auliza, anyamaza. Mwishowe mkono wa mwanadamu wafichuliwa. Mzimu ulikuwa pazia tu.

Msomaji aliyezoea utamu huo, akishika *Babu Alipofufuka* (2001) ya Said Ahmed Mohamed, huona amenyimwa haki yake. Hapa babu aliyekufa humrudia mjukuu wake, K, kigogo aliyelewa anasa, na msomaji haelezwi ametokaje kaburini. Hakuna mpelelezi, wala sura ya mwisho ya kufumbua fumbo.

Lawama hiyo ina uzito, maana fumbo lisilofumbuliwa huweza kuwa uvivu wa mtunzi. Lakini si hapa. Kwa Bwana Msa mhalifu amejificha, na akili humtoa. Kwa K uovu u wazi mchana. Kila mtu auona, hakuna athubutuye kuunena. Akili pekee itafichua nini? Aliyebaki kusema ni maiti, asiyeogopa kufungwa.

Basi katika miaka 41 mzimu umegeuka: wa kwanza ulificha maovu ya walio hai, wa pili wayafichua. Kilichopotea kati yao ni ile imani kwamba ukweli ukijulikana, haki hufuata.