Sifa ya Fundi Asiye na Haraka

Fundi husifiwa kwa wepesi wa mikono. Wa televisheni za chogo mimi namsifu kwa ule muda anaokaa bila kugusa kitu.

Iga Barrière, kwenye barabara ya Bunia kwenda Mongbwalu, televisheni kuukuu ikiletwa kwa pikipiki, fundi huiwasha kwanza, akaitazama. Mstari mmoja mweupe umelala katikati ya kioo? Sehemu inayoitandaza picha juu na chini imekufa, mara nyingi ni lehemu iliyopasuka tu. Hapo hapo anapunguza mwanga, kwani mstari ule ukikaa huunguza unga unaong'aa ndani ya kioo, na kovu lake halifutiki. Picha ikiwa ya njano tupu, bluu imekosekana. Madoa ya zambarau na kijani pembeni huweza kuletwa na sumaku ya spika iliyosogezwa karibu mno.

"Mama, hii hatuifungui," anasema. Spika inaondolewa, televisheni inazimwa nusu saa ipoe, kisha inawashwa ili koili iliyozunguka kioo ifute ile sumaku. Mwenye tamaa angekwisha ng'oa vipuri na kudai pesa. Nauheshimu sana uaminifu huo.

Kufungua ni jambo jingine. Kioo cha rangi hutumia volti 20,000 hadi 30,000, na plagi ikichomolewa chaji hubaki. Kapasita kubwa ya upande wa umeme nayo yaweza kushika volti 300 hivi. Fundi anaunganisha kwa waya bisibisi yenye mpini mzima na utepe wa ardhi ulio mgongoni mwa kioo, ndipo anaipenyeza chini ya kofia ya mpira ya waya wa volti hizo kubwa. Mkono wa pili uko nyuma, umeme usije ukapita kifuani. Anasubiri, anarudia, kwa kuwa chaji hujikusanya upya. Kapasita anaitoa chaji taratibu kwa rezista, kisha anapima. Kuigonganisha kwa chuma, cheche ziruke watoto washangilie, si ufundi. Shingo ya kioo haiegemewi kamwe: ndani hamna hewa, na ikivunjika vipande hurushwa.

Kioo kilichokufa kabisa pia kina haki yake. Kina madini ya risasi, kwa hiyo koili ya shaba ivuliwe bila kukipasua, na wanaonunua shaba wakatae ile iliyopatikana kwa nyundo.