Datsun 240Z na Prado katika Njia ya Ndabibi

Watu wengi hupima motokaa kwa kimo chake, wakadhani iliyo juu ni bora kuliko iliyo chini. Msomaji, ukisimama kando ya njia ya Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, utaona asili ya dhana hiyo. Udongo wa huko ni wa volkeno. Wakati wa kiangazi huwa vumbi laini kama unga, na wakati wa masika huwa tope. Toyota Land Cruiser Prado hupita hapo na watu 7 pamoja na mizigo yao, dereva akiwa juu kama mpanda ngamia.

Hebu tuilinganishe na Datsun 240Z, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1969. Hii ni motokaa ya viti 2, yenye kimo cha mita 1.3 hivi, boneti ndefu, na paa linaloteremka hadi nyuma. Wafaransa waliyapa magari ya jamii hii jina linalotamkwa kupe, maana yake iliyokatwa. Sidhani kama wafugaji wetu watalipenda. Nani angethubutu kuipeleka katika makorongo? Walakini ilipelekwa. Edgar Herrmann alishinda nayo mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo mwaka wa 1973. Ni kweli kwamba za mashindano ziliimarishwa, lakini umbo lilikuwa lile lile.

Siri yake ni wepesi. Uzito wake ni kama tani 1, na Prado hupita tani 2. Kitu kizito kikishika mwendo ni vigumu kukisimamisha, na kilicho kirefu hupinduka kwa urahisi zaidi kikigeuzwa ghafula. Tena dereva wa 240Z hukaa karibu na ardhi. Kila jiwe humletea habari mikononi na mgongoni. Mwenziwe wa Prado hunyimwa habari hizo kwa jina la raha. Vioo vimefungwa, kiti ni laini, naye hudhani anakwenda polepole, kumbe sivyo. Hii ndiyo ila ninayoilaumu kuliko zote, kwani njiani wamo watoto waendao shule kwa miguu, na boneti iliyoinuka huweza kumficha mtoto mdogo aliye karibu mbele yake.

Usidhani nasifu ukale. Datsun ile haikuwa na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, wala breki zinazozuia magurudumu yasikwame na kuteleza. Mgonjwa akihitaji kupelekwa Naivasha usiku wa mvua, hawezi kulazwa ndani yake. Kwa kazi hiyo Prado haishindwi. Lakini ukiniuliza ni ipi iliyobuniwa kwa akili zaidi, naitaja Datsun bila kusita, maana ilishinda njia mbaya kwa chuma kidogo. Wanaobuni magari ya namna ya Prado wangefanya vema kuishusha ile boneti, na kumrudishia dereva sauti ya barabara.