Kalamu ya Ibn Juzayy

Bandari ya Qalhat, juu kidogo ya Sur, imebaki magofu; kilichosimama ni kaburi la Bibi Maryam, nalo kuba lake limekwisha kuporomoka. Lakini namna watu wake walivyozungumza karibu miaka 700 iliyopita tunaijua, kwa hisani ya mwandishi aliyekuwa Fes, mbali kabisa na Oman. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Qalhat, alisimulia safari zake kwa mdomo mpaka Desemba 1355, na Muhammad ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada, akaziandika kwa amri ya Sultani Abu Inan.

Ibn Juzayy alikuwa mshairi. Kupamba sentensi hakukumshinda. Utangulizi wake umejaa vina. Ila humo humo anaeleza kwamba mara nyingi aliyaacha maneno ya msafiri yalivyo, na mara nyingi anapoongeza lake hutaja kwamba ni yeye anayesema. Ndiyo maana Qalhat tunasikia watu waliofunga kila kauli kwa “la”, hata pale wasipokanusha kitu. Kitu kama hicho mhariri hukifuta kabla ya chai ya asubuhi kupoa. Yeye kakiacha.

Ufundi wenyewe unaonekana zaidi Kilwa, alikopita Ibn Battuta mwaka 1331. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, anatoka sala ya Ijumaa. Fakiri wa Yemen anamsimamisha njiani, anamwomba nguo alizovaa. Sultani anakubali. Fakiri anazitaka saa ile ile. Sultani anakubali tena. Anarudi msikitini, anaingia nyumba ya khatibu, anabadili nguo, kisha anamwita fakiri aje achukue.

Tazama yale maitikio mawili. Msifu wafalme angeyafyeka yote na kuandika kwamba Sultani alikuwa karimu. Ibn Juzayy kaacha ombi, itikio, haraka ya mwombaji, na itikio tena: maneno mafupi ya mtawala aliyeshtukizwa barabarani, asiye na muda wa kupanga jibu. Kweli, hapo katikati ipo miaka 24 ya kumbukumbu, na sithubutu kusema kila neno ni la Sultani. Mwendo wa maneno hayo, hata hivyo, ni wa mdomo.

Mara baada ya hapo anakuja Daud, ndugu aliyerithi kiti. Yeye kila mwombaji alimpa jibu moja, kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakubakisha cha kutolewa. Jibu limenyooka, limepimwa, na linatumika siku zote. Ibn Juzayy anataja kwamba alikuwa kinyume cha nduguye. Kaziweka kauli za ndugu wawili jirani.

Kazi hiyo ya kuhifadhi kauli zilivyosemwa leo naiona katika Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania, ambazo napenda kuzisoma taratibu. Swali la msingi Waziri hulijibu kwa karatasi, “kama ifuatavyo”, aya kwa aya, na makubaliano na takwimu zake. Kisha Mbunge anasimama na swali la nyongeza. Hapo sentensi hukatika na kuanza upya, Waziri humkumbusha muulizaji barabara waliyopita pamoja jimboni, na mwandishi wa Bunge, kwa uaminifu ule ule, huweka kwenye mabano: (Kicheko).