"Kiendeshi" Kimoja, Vitu Viwili

Katika baadhi ya tafsiri za maelezo ya kompyuta, neno "kiendeshi" limebebeshwa mizigo miwili: mashine inayoandika nakala za akiba katika kanda, na programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia mashine hiyo. Tuseme karani wa Masanze, wilayani Kilosa, anasoma: "Kiendeshi hakikugunduliwa." Je, akague waya na umeme, au aweke programu? Sentensi haimwambii, na kumbukumbu zake zinabaki bila nakala.

Neno "gundua" nalo halifai. Hugunduliwa kilichofichika au kisichojulikana, kama madini. Mashine iliyo mezani haikufichika. Yafaa tutenganishe: kompyuta "haioni" mashine isiyopata umeme au ambayo waya wake umelegea, "haitambui" ile iliyokwisha kuonekana lakini programu yake haijawekwa.

Chombo na kiitwe "mashine ya kanda", kwa kuwa "kanda" limezoeleka tangu enzi za kurekodi sauti. Programu na iitwe "programu endeshi". Istilahi isiyomwonyesha mtumiaji pa kuanzia kazi ni pambo tu.