Maungamo na Hadhira: Ushuhuda wa Wokovu kama Utanzu wa Fasihi Simulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wameshughulikia ngano, nyimbo na vitendawili kwa kina. Ushuhuda wa wokovu, ambao husikika kila juma katika mitaa kama Ziwani, upande wa Eastlands jijini Nairobi, umeachiwa wanatheolojia. Makala haya yanadai kwamba uponyaji wa ndani unaohusishwa na ushuhuda hautokani na maneno ya msimulizi peke yake, bali na namna hadhira inavyoyapokea.

Utanzu huu ulienezwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Uganda na Gahini, Rwanda, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Namirembe mwaka 1929. Ulipofika Kenya katika miaka ya 1930, ulikuja na desturi ya "kutembea nuruni", yaani kuungama dhambi mbele ya ndugu. Muundo wake unatabirika: maisha ya kale, kuvunjika mbele ya msalaba, maisha mapya. Hadhira hupokea kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiluganda unaoimbwa hata na wasiojua Kiluganda. Yuko atakayeuona utabirikaji huo kuwa unafiki. Hata hivyo, fomula humfanyia msimulizi kazi ileile inayofanywa na mwanzo wa ngano: humpa mwenye aibu mlango wa kuingilia.

Ziwani ni mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mahali ambapo watu huishi kwa kubanana, jirani hujua mengi kabla hayajaungamwa. Kwa hiyo ushuhuda haufichui siri sana. Hubadilisha mwenye siri. Kilichokuwa umbeya vinywani mwa wengine huwa masimulizi ya mhusika mwenyewe.

Hata hivyo, katika Nairobi neno "kuungama" lina historia chungu. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa vizuizini. Kambini, mfungwa alitakiwa kuungama kiapo ndipo asogezwe kuelekea kuachiliwa. Hadhira yake ilikuwa afisa aliyeandika. Wimbo wa kumpokea haukuwapo. Wafuasi wa Uamsho waliokataa kiapo, na wengi wao pia wakakataa kubeba silaha za serikali, walijua tofauti ya maungamo hayo mawili.

Tofauti hiyo ndiyo inayochunguzwa na Ngũgĩ wa Thiong'o katika riwaya ya A Grain of Wheat (1967). Gikonyo anaungama kiapo kizuizini ili arudi kwa mkewe, Mumbi. Anarudi akiwa na jeraha lililozidi. Mugo anaungama kwa hiari, mbele ya umati wa sherehe za uhuru, kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika. Mzigo unamtoka, lakini umati hauna kiitikio, na mwisho wake ni hukumu ya kifo. Wa kwanza alikosa hiari. Wa pili alikuwa na hiari, akakosa wa kumpokea. Riwaya hii yathibitisha kwamba uwazi bila hadhira iliyo tayari si tiba.

Haifuati kwamba hadhira ya ushuhuda haina kasoro. Iko hatari ya kupokea kwa shangwe dhambi zilizozoeleka, kama vile ulevi na uzinzi, na kunyamazia machungu yasiyo na fomula. Aidha, mume anayeungama uzinzi humsimulia mkewe pia, ambaye huenda hakuombwa ridhaa. Mmoja anapoponywa, mwingine hujeruhiwa upya.

Kwa kuhitimisha, ushuhuda usipimwe kwa ufasaha wa fanani wala kwa machozi yake. Kipimo chake kiwe hali ya wote waliotajwa ndani yake, wimbo unapokwisha na kila mtu akarudi kuishi na jirani aliyemsikia.